Anandi Joshi: Chuo cha karibu au chuo cha mbali?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huitisha kikao. Binti amefaulu na anataka udaktari. Kuna chuo kilicho karibu, kuna kingine kiko mikoa ya mbali, na kuna ndugu anayesema kuwa nafasi zinapatikana nje ya nchi. Baba anapiga hesabu ya ada. Mama anauliza nani atabaki na bibi anayeumwa. Na kama binti ameshaolewa au ana mtoto mdogo, kikao kinaweza kufika usiku wa manane bila jibu.

Maswali hayo si mapya. Katika makala haya tunawaletea maisha ya mwanamke aliyekutana nayo zaidi ya miaka 140 iliyopita huko India. Jina lake ni Anandi Joshi, na kwao humwita Anandibai kwa heshima. Alikuwa mke wa karani wa posta. Alikuwa amezika mtoto wake wa pekee. Na alikuwa na umri wa miaka 17 tu aliposimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, akaeleza amechagua chuo kipi cha udaktari na kwa nini.

Tunamkumbuka kama mmoja wa wanawake wa kwanza wa India kupata shahada ya udaktari. Lakini leo tunataka kuutazama zaidi ule uchaguzi wenyewe: aliweka nini kwenye mizani, na kitu gani hakikupimwa.

Binti wa Kalyan

Anandi alizaliwa tarehe 31 Machi 1865, katika familia ya Wabrahmani ya Kalyan, mji ulio karibu na Bombay, jiji ambalo siku hizi linaitwa Mumbai. Wazazi walimpa jina la Yamuna. Familia ilikuwa na jina na mashamba, lakini mali ilikuwa imepungua.

Wakati ule, katika jamii nyingi za India, msichana aliozwa akiwa bado mtoto. Yamuna aliozwa akiwa na miaka 9. Mumewe, Gopalrao Joshi, alikuwa amefiwa na mke wa kwanza na alimzidi kwa karibu miaka 20. Kwa desturi ya kwao, bi harusi hupewa jina jipya nyumbani kwa mume. Gopalrao akamwita Anandi, jina lenye maana ya furaha.

Gopalrao hakuwa mume wa kawaida kwa zama zake. Alishika jambo moja kwa nguvu zote: mke wake lazima asome. Majirani walicheka kumwona mtu na heshima zake akimfundisha mkewe herufi, lakini hakujali. Alipohamishwa kikazi, walihama pamoja, na masomo yakaendelea. Anandi alijifunza kusoma na kuandika lugha yake ya Kimarathi, kisha Kiingereza.

Upande wa pili wa habari hii nao lazima tuuseme. Gopalrao alikuwa mkali mno. Wanaosimulia maisha yao wanasema kuwa, wakati waume wengine waliwapiga wake zao kwa kuacha kupika, yeye alimpiga Anandi alipomkuta jikoni badala ya kuwa na kitabu. Kwa hiyo njia ya Anandi kuelekea elimu ilifunguliwa na mtu ambaye pia alimwumiza. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Siku kumi

Anandi alipata mimba akiwa bado msichana mdogo. Alijifungua mtoto wa kiume akiwa na miaka 14. Mtoto aliishi siku 10 tu, akafariki. Hapakuwa na huduma ya kitabibu ambayo ingeweza kumwokoa.

Hapa tufafanue kidogo hali ilivyokuwa. Madaktari waliosomea tiba ya kisasa walikuwepo India, lakini karibu wote walikuwa wanaume. Wanawake wengi, hasa wa familia zenye kushika sana mila, hawakukubali kuguswa wala kutazamwa na mwanamume asiye wa nyumbani. Mama mwenye uchungu wa siku 3 alibaki ndani na wanawake wenzake, na kama mambo yaliharibika, alifia humo. Daktari angeweza kuwa mtaa wa pili, lakini kwa mama yule ilikuwa kama hayupo.

Kuhusu umri wa kuolewa, sheria ya India ya wakati ule ilikuwa imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa msichana kuingiliwa na mume. Ilipofika mwaka 1891 ndipo ukapandishwa hadi miaka 12, na hata hivyo kwa mabishano makubwa. Leo wataalamu wa afya wanajua kuwa mwili wa msichana wa miaka 14 haujakomaa kwa uzazi, na hatari ni kwa mama na kwa mtoto pia.

Baada ya msiba ule, Anandi alijua anataka nini. Alitaka kuwa daktari ambaye mwanamke wa India angemfungulia mlango bila aibu.

Gazeti kwenye chumba cha kusubiri

Gopalrao naye alikuwa akitafuta njia. Alikuwa amemwandikia barua mmisionari mmoja Mmarekani, Royal Wilder, akieleza kuwa anataka mkewe apate elimu Marekani na kuomba msaada, pamoja na kazi kwa ajili yake mwenyewe. Wilder alijibu kuwa msaada ungepatikana kama wangekubali kuwa Wakristo. Wao hawakutaka kuacha dini yao, na jambo likaonekana limeishia hapo.

Lakini Wilder alikuwa na jarida lake kule Marekani, na aliichapisha ile barua pamoja na majibu yake. Kufikia mwaka 1880 nakala moja ilikuwa imefika kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, Theodicia Carpenter wa mji wa Roselle katika jimbo la New Jersey, aliliokota na kulisoma. Habari za mke kijana wa India anayetaka kusoma zilimgusa, akaandika barua.

Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka, zikivuka bahari mbili. Waliandikiana juu ya dini, ndoa za utotoni, chakula na mavazi. Anandi alikuwa akimwita mama yule kwa jina la udugu, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo.

Katika barua hizo kulikuwa na jambo moja la kutia wasiwasi. Anandi alikuwa akiumwa mara kwa mara: uchovu usiokwisha, kichwa, homa, na wakati mwingine kukosa pumzi. Bi Carpenter alimtumia hata dawa kutoka Marekani, lakini hazikusaidia. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Vyuo kwenye mizani

Kazi ya posta iliwapeleka hadi upande wa mashariki wa India, kwenye mji wa Serampore, kando ya mto Hooghly, kama kilomita 25 kutoka jiji la Calcutta. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika.

Tuangalie nafasi alizokuwa nazo.

Ya kwanza ilikuwa Madras, kusini mwa India, jiji ambalo leo linaitwa Chennai. Chuo cha udaktari cha Madras kilianza kupokea wanawake mwaka 1875. Kilikuwa ndani ya nchi, na gharama za safari zilikuwa ndogo. Lakini Anandi aliona vikwazo. Kwanza, aliamini kuwa mafunzo waliyopewa wanawake pale hayakutosha, na kwamba waalimu waliokubali kuwafundisha walikuwa na fikra za zamani. Hakuwa peke yake katika kutaka zaidi. Mwingereza Mary Scharlieb, mke wa mwanasheria na mama wa watoto 3, alikuwa miongoni mwa wanawake 4 wa kwanza kuingia chuo hicho. Alipomaliza, bado alilazimika kwenda London kutafuta shahada kamili. Pili, mwanamke wa Kibrahmani anayetembea peke yake barabarani na vitabu alikuwa akizomewa. Anandi mwenyewe alishaonja kejeli hizo katika miji aliyoishi. Na Madras hapakuwa na makazi ya kumfaa.

Nafasi ya pili ilikuwa madarasa ya ukunga, yaliyokuwepo sehemu mbalimbali. Yalikuwa karibu, mafupi na ya bei nafuu. Lakini yeye alitaka kuwa daktari kamili, anayeweza kupima, kuandika dawa na kupasua.

Ya tatu ilikuwa Philadelphia, Marekani. Huko kulikuwa na Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1850. Kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza duniani kuwapa wanawake shahada kamili ya udaktari, wakati vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya bado vilikuwa vimewafungia mlango. Mkuu wake alikuwa mwanamke, mtaalamu wa kemia Rachel Bodley. Wamarekani wenzi wa ndoa waliofahamiana na Anandi ndio waliomshauri aombe nafasi pale.

Uzito wa Philadelphia ulikuwa mkubwa. Ilikuwa safari ya wiki nyingi baharini. Kulikuwa na baridi ambayo hajawahi kuiona. Tena kulikuwa na suala la dini: kwa imani ya Wahindu wengi wa wakati ule, Mbrahmani aliyevuka bahari alihesabiwa kuwa amenajisika na angeweza kutengwa na watu wake.

Na mume je? Awali walitaka kwenda wote wawili. Lakini fedha hazikutosha, na kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya fedha. Mshahara wa Gopalrao ulilisha nyumba nzima: mama yake na wadogo zake walimtegemea. Akiacha kazi ya posta, wote wangelala njaa. Kwa hiyo ikaamuliwa: Gopalrao abaki na familia, Anandi aende peke yake.

Ukumbi wa Serampore

Habari zilipoenea, maneno yakawa mengi. Mke wa mtu anakwenda ng'ambo peke yake? Kuna nini huko? Wengine walisema ataharibika, wengine kuwa atabadili dini.

Anandi hakukaa kimya. Tarehe 24 Februari 1883 alisimama katika ukumbi wa Chuo cha Serampore, akahutubia kwa Kiingereza. Aliyachukua maswali ya watu moja baada ya jingine na kuyajibu. Kwa nini Marekani? Kwa sababu India ilihitaji madaktari wanawake, na mafunzo aliyoyataka hayakupatikana. Kwa nini peke yake? Akaeleza habari za wakwe na wadogo wanaomtegemea mumewe. Je, hatatengwa akirudi? Akasema hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa ataishi huko kama anavyoishi nyumbani: chakula kilekile, vazi lilelile, dini ileile.

Jibu hilo la mwisho halikuwa la imani tu. Lilihusu kazi pia. Kama angerudi amegeuka mgeni, wanawake aliotaka kuwatibu wasingemfungulia mlango.

Swali jingine lilihusu balaa: akifikwa na jambo baya huko ugenini itakuwaje? Hapo alijibu kuwa watu hukuza vichwani mwao mabaya ambayo bado hayajafika. Alijibu kwa ujasiri. Lakini tukisoma leo, tukijua afya yake ilivyokuwa, swali hilo ndilo linalotusimamisha.

Bangili za dhahabu

Safari ilihitaji fedha. Anandi aliuza bangili zake za dhahabu, na baada ya hotuba ile watu kadhaa waliguswa wakachangia. Mwezi Aprili 1883 alipanda meli Calcutta, akiongozana na wanawake wa Kimagharibi waliokuwa wakisafiri njia hiyo. Mwezi Juni alishuka New York, na Bi Carpenter alikuwa bandarini akimngoja. Mama na binti wa barua wakaonana kwa mara ya kwanza.

Miezi ya kiangazi aliishi kwa akina Carpenter kule Roselle, akizoea nchi. Vuli ilipoingia akaenda Philadelphia kuanza masomo, akiwa na miaka 18. Alikuwa amemwandikia Bodley kuomba nafasi, akieleza kuwa wanawake wa kwao huchagua kufa kuliko kutibiwa na mwanamume, na kwamba anataka kuwapelekea msaada. Bodley alimkubali, na chuo kikampatia ufadhili.

Masomo yalikuwa ya miaka 3. Wanafunzi walisoma muundo wa mwili, kemia, dawa, magonjwa, upasuaji na uzazi. Walipasua maiti ili kujifunza, jambo zito kwa mtu aliyelelewa katika desturi za usafi za Wabrahmani. Walikwenda hospitalini kuona wagonjwa.

Anandi hakuwa mgeni peke yake. Ipo picha maarufu ya Oktoba 1885 inayomwonyesha ameketi na wenzake wawili: Kei Okami kutoka Japani na Sabat Islambouli kutoka Damascus, kila mmoja amevaa mavazi ya kwao. Wanawake watatu kutoka pande tatu za Asia, kila mmoja akisomea udaktari ng'ambo.

Anandi alitimiza ahadi yake. Alivaa sari, hakula nyama. Lakini baridi ya Philadelphia haikujali ahadi. Chakula alichoweza kula kilikuwa kidogo, na mwili uliokuwa dhaifu tangu India ulizidi kudhoofu. Ugonjwa wa kifua ulimkamata, na ulikuja kujulikana kuwa kifua kikuu.

Tufafanue tena. Mwaka 1882, mwaka mmoja tu kabla ya safari yake, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alikuwa ametangaza kuwa kifua kikuu husababishwa na vijidudu. Lakini kujua sababu si kuwa na tiba. Dawa ya kwanza ya kuviua vijidudu hivyo ilipatikana katika miaka ya 1940. Leo kifua kikuu cha kawaida hutibika kwa dawa zinazotumiwa kwa miezi 6 bila kukatisha. Anandi hakuwa na bahati hiyo.

Hata hivyo alimaliza. Andiko lake la mwisho lilihusu uzazi na ukunga miongoni mwa Wahindu: alichagua kuandika juu ya jambo lilelile lililompeleka chuoni. Tarehe 11 Machi 1886 alitunukiwa shahada ya udaktari, akiwa hajatimiza miaka 21. Gopalrao, aliyekuwa amefika Marekani, alihudhuria mahafali hayo. Alikuwepo pia Pandita Ramabai, ndugu yake Anandi na mtetezi mashuhuri wa wanawake wa India. Malkia Victoria wa Uingereza alipelekewa habari, naye akatuma pongezi.

Mlango uliofunguka nyuma yake

Hapa lazima turudi kidogo Calcutta, kwa sababu kuna jambo lililotokea pale Anandi akiwa ameshaondoka.

Mwaka huohuo wa 1883, muda mfupi baada ya meli yake kung'oa nanga, Chuo cha Udaktari cha Calcutta kilikubali kupokea wanawake. Chuo kile kilikuwa kama kilomita 25 tu kutoka ukumbi alikohutubia. Aliyeingia alikuwa Kadambini Ganguly, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu India. Kadambini naye alikuwa ameolewa, na mwaka 1886, mwaka uleule Anandi alipohitimu Philadelphia, alifuzu udaktari Calcutta.

Njia ya Kadambini nayo haikuwa tambarare. Alifeli somo moja, akakosa shahada kamili, akapewa diploma iliyomruhusu kutibu. Nyumbani kulikuwa na watoto 8 wa kulea, wakiwemo wa mumewe kutoka ndoa ya kwanza. Gazeti moja lilimchafua kwa kumwita mwanamke mwenye tabia mbaya, kwa sababu tu alitoka usiku kwenda kwa wagonjwa. Yeye na mumewe walikwenda mahakamani, na mhariri akafungwa miezi 6. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa ameshaanza kazi na watoto wako nyumbani, alisafiri kwenda Scotland, akapata vyeti zaidi na kurejea. Alitibu wagonjwa hadi mwaka aliofariki, 1923.

Hatusemi haya ili kumlaumu Anandi. Alipoamua, mlango wa Calcutta ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyemwambia kuwa karibu utafunguliwa. Mtu huchagua kwa yale anayoyaona siku ile. Tunayasema kwa sababu njia hizi mbili zikiwekwa pamoja zinafundisha. Mmoja alikwenda mbali kwanza, akapata shahada kamili mapema, na mwili ukalipa. Mwingine alianza karibu na nyumbani, akapata cheti kidogo kuliko alichotaka, kisha akakiongezea baadaye, familia ikiwa imejipanga na afya ikiwa inamruhusu.

Kurudi nyumbani

Anandi alikuwa na kazi inayomngoja. Utawala wa Kolhapur, magharibi mwa India, ulimteua kuwa daktari msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali ya Albert Edward. Hiyo ndiyo kazi aliyoiota tangu alipozika mtoto wake: wodi ya wanawake, chini ya daktari mwanamke.

Mwishoni mwa mwaka 1886 alirudi India na mumewe. Watu waliokuwa wakimsema vibaya sasa walimpokea kwa shangwe. Hofu ya kutengwa haikutimia. Lakini waliompokea waliona mtu aliyekonda sana, anayekohoa. Alipelekwa Poona, jiji ambalo leo linaitwa Pune, kwa ndugu zake. Tiba za kizungu na za kienyeji zilijaribiwa, bila mafanikio.

Tarehe 26 Februari 1887 Anandi Joshi alifariki dunia. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja atimize miaka 22. Ile wodi ya Kolhapur hakuwahi kuifanyia kazi.

Majivu yake yalipelekwa Marekani kwa Bi Carpenter, akayazika kwenye makaburi ya familia yake huko Poughkeepsie, katika jimbo la New York. Mpaka leo jiwe lake lipo pale, katikati ya majina ya ukoo ambao ulimfahamu kwanza kwa kusoma barua ndani ya jarida. Mwaka uliofuata, mwandishi Mmarekani Caroline Dall alichapisha kitabu cha maisha yake. Huko India vitabu, tamthilia na filamu vimeendelea kumsimulia, na hata shimo moja kubwa kwenye sayari ya Zuhura limepewa jina lake.

Tukirudi kwenye kikao

Hatuwezi kusema kuwa Anandi angebaki India angeishi. Kifua kikuu kiliua watu wengi Bombay na Calcutta kama kilivyoua Philadelphia. Wala hatuwezi kusema safari yake ilikuwa bure. Baada yake, wasichana wengine wa India waliosema wanataka udaktari hawakuambiwa tena kuwa jambo hilo haliwezekani. Jina lake lilikuwa jibu tosha.

Lakini familia zinazokaa kikao leo, iwe binti anafikiria Dar es Salaam, Mwanza au Moshi, Nairobi au Eldoret, au nje ya nchi kabisa, zinaweza kuchukua kitu kutoka Serampore. Anandi na Gopalrao waliyaweka mambo mezani kwa uwazi ambao hata sisi unatushinda. Chuo kinafundisha nini, na cheti chake kitaruhusu kazi gani? Nani anategemea mshahara wa nani nyumbani? Mwanafunzi atalala wapi, na atakuwa salama njiani? Akirudi, watu anaotaka kuwahudumia watampokea? Maswali hayo manne waliyajibu moja baada ya jingine, mbele ya umma.

Swali la tano ndilo lililopita haraka: je, mwili wake unaiweza safari hii? Aliumwa kabla ya kuondoka, na wote waliompenda walijua. Hakuna aliyesema tusubiri mwaka mmoja, apate nguvu kwanza. Kila mmoja alikuwa na haraka, na haraka yao tunaielewa: mama waliendelea kufa majumbani, na nafasi ya Philadelphia ingeweza kupotea.

Kwa hiyo kikao kikifika kwenu, msianze na jina la chuo. Mwulizeni kwanza binti mwenyewe anajisikiaje, anakula nini, analala vipi, na kama kuna kikohozi au homa isiyokwisha, mpelekeni akapimwe kabla ya kufunga sanduku. Kipimo cha kifua kikuu kinapatikana, na tiba ipo. Chuo kinaweza kumngoja mwaka mmoja. Kadambini alichelewa kupata vyeti vyake vya Scotland, na wagonjwa wa Calcutta walimkuta kazini kwa zaidi ya miaka 30.